Mrefu Juu ya Boxer

Kwenye steji za bodaboda za Huruma, mtaa wa Eldoret, dereva mrefu hutambulika hata kabla hajashuka. Magoti yamepanda hadi usawa wa tangi, viwiko vimetanuka, mgongo umepinda, na kila akikata kona kali goti moja hulazimika kuupisha usukani. Eldoret haikosi watu wa namna hii. Wapo Wakalenjin na Waturkana waliojaliwa miguu mirefu, zipo pia familia nyingi za Sudan Kusini zilizohamia mjini, na kijana wa mita 1.9 hapa hashangazi mtu. La kushangaza ni kwamba wote, mrefu kwa mfupi, hununua pikipiki ileile.

Sababu iko sokoni. Tangu serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, Kenya imejaa mashine za cc 100 hadi 150, hasa Boxer ya Bajaj, kampuni ya Pune huko India, na HLX ya Wahindi wenzao TVS. Zilibuniwa ziwe nyepesi, zinywe mafuta kidogo, zivumilie mizigo na zimfae mtu wa kimo cha wastani. Mrefu akiingia dukani huambiwa achukue "kubwa", yaani ya 150 badala ya 100. Ushauri huo una maana, ila si kwa ajili ya miguu yake. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda. Cc 100 ikimbeba mtu wa kilo 90 pamoja na abiria kuelekea Iten, hata waliokaa kando ya barabara wataisikia ikilalamika. Lakini ukubwa wa injini si ukubwa wa fremu. Cc 50 za ziada hazikupi nafasi ya kukunjua goti.

Wengine hukimbilia kupima urefu wa kiti kutoka ardhini. Hicho ni kipimo cha wafupi, wanaotaka kujua kama miguu itagusa chini wakisimama. Wewe mrefu umekwisha kugusa. Ulizia umbali kati ya kiti na futresti. Kiti cha sentimita 80 chenye futresti zilizo chini kitakupumzisha zaidi kuliko cha 83 ambacho futresti zake zimepanda. Kaa, weka miguu yote miwili mahali pake, mwombe mwenzako akutazame kutoka ubavuni. Goti likikunjika kupita pembe mraba, pikipiki hiyo itakuchosha kabla ya saa sita mchana, hata kama pale dukani ulijiona mfalme.

Na uende dukani na mavazi ya kazi. Msimu wa mvua dereva wa Eldoret huvaa jaketi zito na gambuti, si raba. Gia ya Boxer hukanyagwa mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, na nafasi iliyo katikati haikukusudiwa kiatu namba 46. Kwa bahati nzuri mkono wa gia umekaa juu ya meno ya shafti: fundi hulegeza bolti, akauchomoa, akauzungusha jino moja, akaurudisha. Ni kazi ya dakika chache, na ajabu ni wangapi huendesha miaka bila kuiomba.

Kisha mpakie mtu nyuma. Hapa ndipo majaribio ya dukani hudanganya. Mrefu akiwa peke yake husogea nyuma, kiti chote ni chake, na magoti hupata nafasi. Abiria akipanda, dereva husukumwa mbele hadi tangi. Breki ikikanyagwa, husukumwa tena. Kanuni za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, za mwaka 2015 huruhusu abiria mmoja tu, lakini sote tunaijua mishikaki ya jioni, abiria zaidi ya mmoja wakibanana, na mrefu ndiye huumia zaidi katika mishikaki hiyo. Kwa hiyo jaribu ukiwa na mtu mzima nyuma yako, kisha zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Ukigonga goti ukiwa umesimama, utaligonga pia ukikwepa shimo.

Boxer ikibaki kuwa ndiyo uwezo wako, anzia kwenye kiti. Fundi wa viti akikuongezea sentimita 4 au 5, goti hufunguka mara moja. Mwambie mambo mawili. Sponji iwe ngumu, ile iliyoshindiliwa, kwa kuwa mabaki ya godoro hubonyea upesi na kukurudisha ulikotoka. Na kati yako na abiria aache ukingo mdogo, ili breki zisimtelezeshe mgongoni mwako.

Kiti kikipanda, mikono huwa mbali, nawe utainama. Basi usukani upande pia. Waya za klachi na akseleta, hata hivyo, zilikatwa kwa usukani wa zamani. Fundi akimaliza, washa injini, iache ingurume polepole, kisha zungusha usukani pande zote. Mlio ukipanda wenyewe, waya imevutika; usitoke hapo mpaka ibadilishwe. Badala ya marekebisho haya, wengi huona rahisi kupumzisha miguu juu ya gadi ya mbele. Nawaelewa, lakini mguu ulioko kwenye gadi hauko kwenye breki ya nyuma.

Mwenye pesa zaidi aangalie pikipiki za porini, kama Honda XR150L, ambayo kiti chake kinakaribia sentimita 83 na futresti ziko mbali nacho. Kwa mwalimu au afisa wa kilimo anayesafiri peke yake, sina pingamizi. Kwa bodaboda ya Huruma nasita. Kiti chake ni chembamba, na mama mwenye rinda na kikapu cha soko akitazama urefu wa kupanda, atamwita dereva anayefuata kwenye foleni.

Kwa anayebaki na Boxer, futresti ziwe za mwisho kurekebishwa. Kuzishusha kunahitaji kuchomelea vyuma vipya, na mguu ukishuka gia na breki hubaki juu, hivyo navyo vitataka kurekebishwa. Tena futresti iliyoshuka hukwaruza lami mapema kwenye kona, na barabara ya kuteremka kutoka Iten hadi Tambach haina uhaba wa kona. Kama pikipiki ni ya mkopo, usiziguse kabisa hadi umalize deni na logibuku iandikwe jina lako.