Rangi haifiki ku kila simu

Ndugu wanakoperative, barua pepe zenu kutoka Kalehe, Idjwi na Walungu zinatufikia hapa Bukavu, nyingine na rangi, jedwali na nembo kubwa juu. Zinapendeza macho, lakini nembo peke yake inakula mega kuliko maneno yote, na ku simu ndogo jedwali linavunjika: kilo za kahawa zinaingia ku mstari wa maharagwe.

Rangi ndiyo inatutia hofu zaidi. Ukiandika migomba yenye mnyauko kwa nyekundu na ile mizima kwa kijani, bila neno lingine, simu isiyoonyesha rangi inaleta orodha moja tu. Nani atajua ya kukata? Andika wazi: "Shamba la 4: migomba 12 ina mnyauko. Ikatwe usawa wa udongo, panga ipitishwe motoni." Kipimo cha dawa vilevile: "USIZIDISHE" kwa herufi kubwa inafika popote, herufi nene zinaweza kupotelea njiani.

Basi bei, stoki na magonjwa mutume kwa maandishi matupu. Mapambo tunayakubali ku mwaliko wa mkutano mkuu. Ripoti ya mwaka ije kama faili kando, siku mtandao iko muzuri.