Neno "Shoti" na Leseni ya Fundi Umeme

Fundi wa Tanzania Bara aliyefunga nyaya miaka mingi, ajiandaapo kuomba leseni ya EWURA, huwa na ujuzi mikononi. Kinachomkwaza ni istilahi. Tuchukue neno "shoti". Mafundi hulitumia kwa waya wa laivu kugusana na wa nyutro, kwa umeme unaovuja hadi kwenye gamba la chuma la pasi, na hata kwa mtu aliyerushwa na umeme. Hitilafu ya kwanza huunguza fyuzi papo hapo. Ya pili, pasipo waya wa athi, hukaa kimya ikimngoja mshika pasi. Hivyo tunapendekeza: "shoti" libaki kwa nyaya kugusana, "mvujo" kwa umeme uliotoka njiani, "mshtuko" kwa mwili. Majina yakichanganyika, kinga nayo hukosewa.