Kind of Blue: toleo ulilonalo lina kasi sahihi?

Ukijaribu kufuatisha Kind of Blue ya Miles Davis kwa piano, huenda noti zikagoma kukubaliana. Usijilaumu haraka. Kwa zaidi ya miaka 30, upande mzima wa albamu hii uliuzwa ukiwa na kasi isiyo sahihi.

Ilikuwaje? Machi 2, 1959, kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York, mashine kuu ya kurekodi ilizunguka polepole kidogo. Kanda ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, muziki ukakimbia na sauti zikapanda. Zilizoathirika ni So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, yaani upande wote wa kwanza wa santuri. Upande wa pili ulirekodiwa Aprili 22, ukasalimika.

Bahati nzuri, siku ile kulikuwa na mashine ya akiba iliyokwenda sawa. Kanda yake ndiyo iliyotumika kurekebisha kasi kwenye toleo la 1992. CD ya 1997 ikaongeza zawadi: Flamenco Sketches ilivyopigwa mara ya kwanza, kabla ya ile tuliyoizoea.

Utajuaje lako ni lipi? So What iko kwenye D. Fungua programu ya piano kwenye simu, gonga D wakati besi inaongoza. Albamu ikisikika juu kidogo kuliko piano, hilo ni toleo la zamani. Kusikiliza tu, halina shida. Ila kama unajifunza kupiga, tafuta lililorekebishwa.