Hiki, Hicho na Kile: Vioneshi vya Kiswahili na Usanifu wa Meza Shirikishi

Kompyuta ya kawaida ilisanifiwa kwa ajili ya mtu mmoja. Wanapoizunguka watu wanne, mmoja hushika kipanya na watatu hubaki watazamaji. Meza shirikishi, yaani meza ambayo uso wake ni skrini ya kugusa, inakusudiwa kuondoa kasoro hiyo. Hata hivyo, kuilaza skrini hakutoshi. Swali la msingi ni la kiisimu pia: watu walioketi pande zote za meza huelewanaje juu ya kitu wanachokizungumzia?

Kiswahili kina vioneshi vya ngazi tatu. *Hiki* huelekeza kwenye kitu kilicho karibu na msemaji. *Hicho*, kilicho karibu na msikilizaji au kilichokwisha kutajwa. *Kile*, kilicho mbali na wote wawili. Mathalani, wanafunzi wakichunguza pamoja ramani ya lahaja za pwani, kauli “nisogezee hicho” hueleweka kwa sababu kila mmoja anajua nani ameketi wapi.

Mwaka 2004, Stacey Scott na wenzake walibainisha himaya tatu mezani: ya mtu binafsi, ya kundi, na ya akiba. Mgawanyo huo haulingani moja kwa moja na ule wa vioneshi, kwani himaya hufuata kazi ilhali vioneshi hufuata wasemaji. Lakini yote mawili yanathibitisha kwamba uso wa meza una wenyewe.

Kutokana na hayo, msanifu hukabiliwa na masuala mawili. Kwanza ni mwelekeo wa maandishi. Kumgeuzia mwenzako waraka ni kauli isiyo na maneno: humaanisha “soma, sasa ni zamu yako”. Mashine inayogeuza kila kitu yenyewe huifuta kauli hiyo. Pili ni utambulisho. Skrini nyingi hujua mahali palipoguswa, si aliyegusa. Meza ya DiamondTouch, iliyotolewa mwaka 2001 na maabara ya utafiti ya Mitsubishi Electric nchini Marekani, ilitatua tatizo hilo: ishara za umeme zilitoka mezani, zikapita katika mwili wa mtumiaji hadi kwenye kiti chake. Hivyo mashine ilitambua *hiki* ni cha nani.

Kwa hiyo, anayelazimika kusoma maandishi juu chini ni mgeni katika mjadala wake mwenyewe. Meza huwa shirikishi pale tu kila aliyeketi anapoweza kusema *hiki* na akaeleweka.