Yoga haizibui mirija, lakini pumzi ndefu ina kazi yake

Swali linalorudi kutoka Ludara na kwingineko wilayani Koboko, Uganda, ni hili: mwanamke anayetibiwa ugumba akifanya yoga, atashika mimba? Yoga haileti mimba. Humtuliza mgonjwa, na utulivu huo si kitu kidogo kwa mtu aliyesafiri karibu kilomita 500 kutoka Arua hadi Kampala, akachomwa sindano za homoni kwa takriban siku kumi, kisha akangoja wiki mbili baada ya kiinitete kupandikizwa.

Kauli ya "acha mawazo, utapata mtoto" inaumiza, tena si kweli. Mwaka 2011 mtafiti Jacky Boivin na wenzake walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliotibiwa ugumba. Wenye msongo mkubwa kabla ya matibabu hawakukosa mimba zaidi ya wenzao waliotulia. Huku kwetu chanzo kikubwa cha ugumba ni mirija ya uzazi iliyoziba kwa makovu ya klamidia, kisonono, au maambukizi ya baada ya kujifungua ama mimba kuharibika. Na mara nyingi tatizo liko kwenye mbegu za mume, ingawa mawifi humkodolea macho mke.

Pumzi basi inafanya nini? Ukivuta, moyo huenda mbio kidogo. Ukitoa, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo, humwaga asetilikolini kwenye kinundu kinachopanga mapigo, na moyo hupunguza mwendo. Shingoni na kwenye aota kuna vihisi vya shinikizo la damu. Likipanda, huuzuia moyo, likishuka, huuachia. Mzunguko huo huchukua kama sekunde kumi. Ukipumua mara sita kwa dakika, kila pumzi nayo huchukua sekunde kumi, na mawimbi hayo mawili hukutana, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Mapigo hupanda na kushuka kwa upana zaidi, vagasi hufanya kazi zaidi, na mwili hutoka katika hali ya kujihami. Hakuna ibada humo. Anayeogopa yoga kwa ajili ya dini yake aache jina na mikao, abaki na pumzi.

Lakini wauzaji wa "mikao ya kufungua kizazi", masaji ya kunyoosha mirija na mitishamba ya kuingiza ukeni waache watu! Kovu haliyeyuki kwa kuinua miguu ukutani. Mitishamba huchubua uke na kukaribisha maambukizi. Wanakula pesa ya ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya hospitali, na miaka ya mwanamke kuzaa inapita.

Kwa ufupi: vuta kwa sekunde nne, toa kwa sita, dakika kumi asubuhi na jioni. Wakati wa sindano ovari huvimba na inaweza kujisokota, kwa hiyo usijipinde kiuno, usipindue kichwa chini, usiruke. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, hasa yakiwa na kutapika, ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Huzuni isiyoondoka, usingizi ukipotea, mwambie daktari wako. Na mume apimwe mbegu mwanzoni, kabla mke hajaanza kuhangaishwa kwa vipimo.