Sura ya Moi kwenye sarafu, na maji ya Kiambere

SARAFU zenye sura ya hayati Rais Daniel arap Moi zingali zinapatikana katika madroo na mikebe ya vifungo katika nyumba nyingi nchini. Wengi walizisahau humo. Wengine, na idadi yao si haba, sasa wanazitafuta.

Lakini Kiambere, eneo kame la Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, kumbukumbu kuu ya enzi hiyo haitoshei katika droo. Ni bwawa na kituo cha umeme katika Mto Tana, vilivyokamilika mwaka 1988 baada ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978) na Masinga (1981). Moi alikuwa akitimiza miaka 10 madarakani, na kauli ya Nyayo ilitawala redio, shule na mabango.

Wakati huo haikuwa rahisi kutenganisha kazi ya rais na sifa za rais. Picha yake rasmi ilitundikwa ofisini na dukani. Sura yake ilikuwa kwenye noti na sarafu, na viongozi waliibandika kifuani kama beji. Jina lake na kauli yake vilipewa viwanja vya michezo, shule, hospitali na hata gari, Nyayo Pioneer, ambalo halikufika sokoni.

Sifa za namna hiyo hudumu kadiri mamlaka yanavyodumu. Itakumbukwa kwamba mnamo Desemba 30, 2002, Moi alipokabidhi uongozi kwa Mwai Kibaki katika bustani ya Uhuru, Nairobi, umati ulimzomea na baadhi ya watu wakarusha matope. Wakati huo simulizi za waliozuiliwa na kuteswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo zilikuwa zimeanza kutolewa hadharani.

Alipofariki Februari 4, 2020, mambo yalikuwa tofauti. Maelfu walipanga foleni katika majengo ya Bunge kuutazama mwili wake, na katika maziko ya Kabarak rungu lake lilikabidhiwa mwanawe, Gideon. Wengi waliolia hadharani walikuwa watu wazima walioyanywa maziwa ya Nyayo shuleni. Wengine walikuwa vijana ambao hawakuwahi kumwogopa. Waliomwogopa walinyamaza, ama kwa heshima ya msiba, ama kwa mazoea.

Kibaki alipitia njia hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Alipokewa kwa shangwe mwaka 2002, akatiwa doa na uchaguzi wa 2007 na ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,000, kisha alipofariki Aprili 2022 akasifiwa kwa elimu ya msingi bila malipo, Katiba ya 2010 na barabara ya Thika. Hakuna lililokuwa limebadilika katika rekodi ya 2007. Kilichobadilika ni watu aliolinganishwa nao.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa suala hili. Rais aliyeondoka hapimwi tena kwa ahadi zake mwenyewe, bali kwa makosa ya wanaomfuata. Bei ya unga ikipanda leo, bei ya miaka 20 iliyopita huonekana kuwa hekima ya uongozi, hata kama wakati huo pia watu walilia.

Mali za ukumbusho hufuata mkondo huo, ingawa si sawasawa. Sarafu na noti ndizo zinazokusanywa zaidi kwa sababu zina tarehe na ni rahisi kuhifadhi. Sura ya Mzee Jomo Kenyatta ilitokea katika sarafu za mwaka 1966, ile ya Moi ikafuata mwaka 1980, na baada ya mwaka 2002 Kenyatta akarejeshwa kwenye noti. Sura ya Kibaki ilitokea kwenye sarafu ya shilingi 40, iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na ilizua lawama wakati huo. Kwa mkusanyaji, lawama hizo ni sehemu ya utamu wa sarafu yenyewe.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, ilikomesha desturi hiyo kwa kupiga marufuku picha ya mtu yeyote katika fedha za taifa. Sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za 2019 zilifuata, zikiwa na jumba la KICC. Kwa kuwa sanamu ya Kenyatta huonekana mbele ya jumba hilo, kesi ilifikishwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikaitupilia mbali. Noti za zamani za shilingi 1,000 zilikoma kutumika Septemba 30, 2019. Noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudishwa. Hazinunui tena hata kibiriti, lakini si kosa kuzihifadhi.

Anayefikiria utajiri apunguze matumaini. Sarafu ya Moi si adimu kwa sababu tu Moi ameondoka. Ziliundwa kwa wingi na zilipita mikononi mwa watu wengi. Thamani hutegemea uchache, mwaka, na zaidi ya yote hali ya kitu chenyewe. Noti isiyokunjwa hushinda noti kumi zilizochakaa. Anayeisugua sarafu kwa jivu ili ing'ae huwa ameiharibu, kwani mkusanyaji huitaka na kutu yake ya asili. Wala sifa njema si sharti: noti za Uganda za mwaka 1973 zenye sura ya Idi Amin hutafutwa hadi leo, na si kwa mapenzi.

Kiambere ina ukumbusho wa aina nyingine, usio na soko. Bwawa hilo lilihamisha watu wapatao 7,000. Walilipwa fidia ya fedha taslimu, hawakupewa ardhi mbadala. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wastani wa ardhi kwa familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi sita, na mapato yakapungua kwa asilimia 82. Kwa miaka mingi wakazi walilalamika kwamba nyaya za umeme zilipita juu ya vichwa vyao kuelekea mijini, huku wenyewe wakiwasha koroboi.

Kwa mkazi wa Nairobi, basi, Kiambere ni umeme ulioachwa na Moi, na hilo ni kweli. Kwa familia iliyohama, ni mahame yaliyo chini ya maji, na hilo pia ni kweli. Simulizi la kwanza lilichapishwa magazetini na kuhutubiwa majukwaani. La pili limo katika stakabadhi za fidia, barua za chifu na picha chache za boma kabla ya maji kufika.

Karatasi hizo hazina sura ya rais, na hakuna mchuuzi wa sarafu anayeziulizia. Zinaliwa na mchwa, na waliozitia sahihi au kuzipiga dole gumba wanazeeka. Anayezipata katika sanduku la babu yake na aandike nyuma yake jina la mwenyewe, mahali na mwaka, kwa penseli, maana wino hupenya karatasi kuukuu.