Wanaanga Waliokwama na Jiko la Mkaa Chumbani

Mwaka 1969 ilitoka Marekani filamu ya kubuni iitwayo Marooned. Wanaanga watatu wanataka kurudi duniani, lakini injini ya kuwarudisha inagoma. Hewa inapungua saa hadi saa, haiwatoshi wote. Mwishowe kamanda wao anatoka nje ya chombo na kufa. Wenzake wawili wanadumu mpaka waokoaji wanafika.

Haikupita hata miezi sita, jambo la namna hiyo likatokea kweli. Aprili 1970 tangi la oksijeni la chombo Apollo 13 lilipasuka njiani kwenda mwezini, zaidi ya kilometa 300,000 kutoka hapa. Lovell, Swigert na Haise wakahamia katika chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa watu wawili kwa siku mbili hivi. Wao walikuwa watatu, kwa siku nne. Wengi hudhani walikaribia kuishiwa oksijeni. La hasha, oksijeni ilitosha. Hatari ilikuwa hewa ya ukaa waliyoitoa wenyewe puani. Walifunga vichujio vya chombo kikubwa kwa mpira, mifuko ya plastiki, karatasi ngumu na utepe wa gundi, wakarudi salama tarehe 17.

Tunayasimulia haya kwa sababu vyumba visivyopitisha hewa tunavyo hata sisi, hapa hapa Bujora. Wazee wetu, ambao maisha yao yamehifadhiwa katika makumbusho yetu ya Wasukuma, waliishi katika misonge ya nyasi. Moshi ulipenya paani. Hatusemi moshi ule ulikuwa mzuri (macho ya bibi zetu yanajua), lakini nyumba ilipumua. Siku hizi tuna matofali, bati, dari na madirisha ya vioo. Usiku wa mvua, mama mwenye mtoto mchanga huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango, hulala. Jiko limeiva, halina moshi, basi huona ni salama.

Mkaa unaowaka katika hewa kidogo hutoa kabonimonoksaidi. Hewa ya ukaa iliyowatisha wanaanga angalau hubisha hodi: mtu hutweta, kifua hubana. Hii haina rangi wala harufu, wala haimfanyi mtu atwete. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huenda asiamke. Watoto wachanga na walio tumboni huathirika zaidi. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu huitoa.

Kwetu kuna tatizo jingine. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na mtu wa kandokando ya ziwa akizisikia hizo husema malaria. Basi jiulizeni: je, mmeamka wengi mkiumwa kichwa kwa pamoja? Hakuna homa? Mkitoka nje mnapata nafuu? Mkijibu ndiyo, lishukuni jiko kwanza. Lakini mtoto mwenye homa apimwe malaria bila kuchelewa.

Wapo wanaoweka ndoo ya maji chumbani ili inyonye sumu. Hainyonyi. Wapo wanaomnywesha aliyezimia maziwa. Hayo hayaiondoi sumu katika damu, na yanaweza kumpalia. Jiko libaki nje hata likiwa limebaki makaa machache. Mtoto afunikwe blanketi, alale karibu na mama.

Ukimkuta mtu amezirai chumbani, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, nawe usikawie humo ndani. Asipopumua, anayejua kumpulizia pumzi aanze mara moja, wengine watafute gari la kumpeleka hospitali yenye oksijeni. Mkifika, mwambieni daktari kwamba chumbani mlikuwa na jiko, msingoje aulize. Kile kifaa kidogo cha kubana kidole hakitofautishi damu yenye sumu hii na damu yenye oksijeni. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa anayekaribia kufa.